Kiswahili hakikosi istilahi za sayansi, kinakosa sentensi

Kila unapozuka mjadala kuhusu nafasi ya Kiswahili katika mafunzo ya sayansi nchini, hoja moja hutangulizwa mbele ya nyingine zote: eti lugha hii haina maneno. Nimeisikia hoja hiyo katika makongamano ya walimu, katika kumbi za mihadhara na hata vinywani mwa watu waliolelewa kwa Kiswahili. Husemwa kwa uhakika mkubwa, kana kwamba msemaji amezipekua kamusi zote akarudi mikono mitupu. Leo nataka tuipime hoja hiyo. Na ili asiwepo wa kudai kwamba nimejichagulia mtihani mwepesi, nimeteua mada ambayo hata kwa Kiingereza huwatoa wasomi jasho: jinsi joto linavyobadili muundo na usumaku wa aloi laini zenye fuwele za nano.

Taaluma yangu ni isimu, wala sijidai kuwa mwanafizikia. Mambo nitakayoyaeleza yamo vitabuni na yanakubaliwa na wanaoijua kazi hiyo. Langu ni kuyasimulia kwa lugha yetu ili msomaji ajionee ni wapi hasa lugha inapokwama, ikiwa inakwama. Mwalimu aliyekwisha kukunja uso kwa sababu ya mada yenyewe na avute subira.

Tuanze na maneno. Sumaku tunaijua. Aloi ni metali iliyochanganywa na metali nyingine au na elementi nyingine. Fuwele ni kitu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, kama chembe ya chumvi au ya sukari. Nano ni kipimo: milimita moja ina nanomita milioni 1. Maneno haya hayakubuniwa jana. Mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya kuunda istilahi ilianza basi kabla wanafunzi wengi wa leo hawajazaliwa. Je, kwa nini mada yetu bado inaonekana ngeni?

Jibu langu ni kwamba neno pekee halielimishi. Chukua hili neno laini. Mwanafunzi wa shule ya upili hukariri kwamba kiini cha transfoma hutengenezwa kwa chuma laini, akaandika hivyo katika mtihani, akapewa alama yake. Mwulize ulaini huo ni upi. Yamkini atakwambia kwamba chuma hicho hupindika upesi, au akae kimya. Neno analo, maana hana. Na si ajabu, kwa kuwa laini kwetu ni kitambaa, ni ngozi ya mtoto, ni sauti ya mwimbaji, na siku hizi ni kadi itiwayo ndani ya simu. Hakuna aliyemwambia kwamba katika taaluma ya sumaku ulaini ni tabia, hauhusiani na kubonyea.

Tabia hiyo ni hii. Sumaku ngumu ni ile ambayo ukishaitia usumaku huushika wala haiuachi, mfano wa ile iliyomo ndani ya spika ya redio. Sumaku laini hupokea usumaku upesi na kuuachilia upesi. Umeme wa majumbani nchini Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo kiini cha transfoma hugeuziwa usumaku wake huku na huku mara 100 kila sekunde, usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi. Kiini kikiwa kigumu hukataa kugeuka, na kila kinapokataa, sehemu ya umeme hupotea ikawa joto. Umeme huo aliyeuzalisha hauuzi na mnunuzi hautumii.

Kiasi cha uga wa sumaku kinachohitajika ili kuuondoa usumaku uliobaki ndani ya metali kina jina lake katika lugha za wenzetu. Mimi napendekeza tukiite ukaidi. Sumaku laini ina ukaidi mdogo, sumaku ngumu ina ukaidi mkubwa. Mtoto wa darasa la sita aliyewahi kumwona mbuzi akikataa kuvuka mto atalielewa neno hilo bila kamusi. Ukaidi hupimwa kwa ampea kwa mita. Uga wa dunia yenyewe, ule unaoigeuza sindano ya dira hapa kwetu, ni zaidi ya ampea 20 kwa mita. Aloi ninayotaka kuieleza ina ukaidi usiofika ampea 1 kwa mita. Hata uga hafifu wa dunia ni mkubwa mara nyingi kuliko ukaidi wake.

Aloi hiyo ilitangazwa mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Kijapani, Yoshizawa, Oguma na Yamauchi, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Hitachi Metals. Waliipa jina la Finemet. Katika kila atomu 1,000 za mchanganyiko wake mashuhuri, 735 ni za chuma, 135 za silikoni, 90 za boroni, 30 za niobi na 10 za shaba. Huyeyushwa vyote pamoja, kisha uji huo wa moto humiminwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi kubwa. Uji ukigusa gurudumu huganda papo hapo, joto likishuka kwa takriban nyuzi milioni 1 kwa sekunde, na kutoka hapo huruka utepe mwembamba wenye unene wa mikromita 20 hivi, yaani kama sehemu moja ya tano ya unene wa karatasi ya daftari.

Kuganda kwa haraka namna hiyo kuna maana yake. Atomu hazipati wasaa wa kujipanga. Hubaki vurugu vile vile zilivyokuwa katika uji, kama watu waliokuwa wakizunguka sokoni kisha kila mmoja akasimama pale pale alipokuwa. Metali ya namna hii huitwa kioo cha metali, kwa kuwa hata kioo cha dirishani atomu zake hazikupangika. Njia hiyo ilikuwa imejulikana tangu 1960, wakati Pol Duwez na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya California walipofaulu kuigandisha aloi ya dhahabu na silikoni bila kuipa nafasi ya kufanya fuwele. Lililokuwa jipya kwa Wajapani ni walichokifanya baada ya utepe kutoka kwenye gurudumu. Waliurudisha motoni.

Hapa ndipo tunapohitaji kitenzi, na hapa ndipo mtu wa isimu anapofurahi. Kiswahili hakina umaskini wa vitenzi vya moto. Tunachoma, tunaoka, tunabanika, tunakaanga, tunachemsha, tunayeyusha, na kila kimoja kina kiasi chake cha joto na matokeo yake. Kwa kazi hii nateua kukanza, maana kukanza ni kutia kitu joto bila kukiyeyusha wala kukiunguza. Wapigaji ngoma wanaijua kazi hiyo. Ngozi ikilegea, ngoma hupelekwa karibu na moto. Hakuna kilichoongezwa ndani yake: mti ni ule ule na ngozi ni ile ile, lakini mlio hubadilika. Ukiikanza kidogo mno italia kama debe lililopasuka. Ukizidisha, ngozi itakatika. Fundi hodari ni yule anayejua ni wapi pa kuishia.

Utepe wa Finemet hukanzwa kwa takriban nyuzi 550 za Selsiasi kwa muda wa saa 1. Katika muda huo yafuatayo hutokea. Kwanza, shaba haipendi kuchanganyika na chuma. Joto linapozipa atomu uwezo wa kusogea, zile atomu chache za shaba hutafutana na kufanya vikundi vidogo mno. Kila kikundi huwa mahali pa kuanzia, na fuwele za chuma na silikoni huchipuka kandokando yake. Kwa kuwa vikundi ni vingi na vimetapakaa kila mahali, fuwele nazo huanza nyingi kwa wakati mmoja. Pili, niobi na boroni hazina nafasi ndani ya fuwele hizo. Husukumwa nje, zikajazana katika sehemu iliyobaki bila kupangika, na sehemu hiyo ikawa ukuta unaozizuia fuwele kunenepa. Shaba huzidisha idadi, niobi huzuia ukubwa. Mwisho wa saa hiyo, kama robo tatu ya utepe ni fuwele, na kila punje ya fuwele ina upana wa nanomita 10 hadi 15. Punje 100,000 za nanomita 10 zikipangwa mstari mmoja hazizidi milimita 1.

Atomu ni zile zile 1,000. Hakuna iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Kilichobadilika ni mpangilio, na kwa mpangilio huo ukaidi umeshuka na usumaku umekuwa mwepesi kugeuka. Mwalimu wa Kiswahili hapaswi kulistaajabia jambo hilo, kwa maana yeye huishi nalo kila siku. Chukua sauti nne: a, i, l na m. Zipange upate mali. Zipange upya upate mila. Zigeuze upate lima. Zigeuze tena upate imla, ile ambayo walimu wetu walikuwa wakitusomea tukiandika kwa hofu. Sauti hazikuongezeka, lakini hakuna atakayedai kwamba mali na mila ni kitu kimoja. Wanaisimu huuita mpangilio huo muundo, na wanafizikia nao huuita muundo. Neno moja linatutumikia sote.

Lakini je, kwa nini udogo wa punje ulete ulaini? Swali hili ni muhimu, kwa sababu jibu lake lilipinga desturi ya mafundi wa miaka mingi. Hapo awali, aliyetaka chuma laini kwa ajili ya transfoma alijitahidi kuzikuza punje zake. Kadiri punje zilivyokuwa kubwa ndivyo ukaidi ulivyopungua. Aliyetoa maelezo ya kutosha kuhusu tepe hizi mpya ni Giselher Herzer, mwanafizikia wa kampuni ya Vacuumschmelze iliyoko Hanau, Ujerumani, katika makala alizochapisha mnamo 1989 na 1990.

Maelezo yake ni haya. Kila punje ya fuwele ina mwelekeo inaoupenda, na hutaka usumaku wake uelekee huko. Hata hivyo, atomu jirani nazo hupenda kuelekeza usumaku wao upande mmoja. Punje ikiwa kubwa, matakwa yake hushinda, na kila punje hung'ang'ania upande wake. Ikiwa ndogo kuliko nanomita 35 au 40 hivi, ujirani hushinda. Mfano wake ni mkutano wa kijiji. Koo tatu kubwa zenye misimamo mitatu zaweza kuukwamisha mkutano hadi jua lizame. Lakini watu 1,000 walioketi wamechanganyika, kila mmoja na pendekezo lake dogo, hufuata upepo wa kikao, kwa kuwa mapendekezo yao hukatana na hakuna aliye na nguvu ya kushikilia lake. Vivyo hivyo, punje ndogo mno hukatana matakwa, na usumaku hugeuka bila wa kuuzuia.

Herzer alionyesha kwamba katika eneo hilo la udogo, ukaidi hukua kwa kipeo cha sita cha upana wa punje. Mwanafunzi wa hisabati na akadirie mwenyewe. Punje ikiongezeka upana mara 2, ukaidi huongezeka mara 64. Ikiongezeka mara 3, ukaidi huwa mara 729. Bila shaka msomaji ameanza kuona kwa nini niobi, ambayo ni atomu 30 tu kati ya 1,000, inalipiwa. Kazi yake ni kuwazuia wadogo wasiwe wakubwa.

Kuna faida ya pili ya mkanzo huo. Wengi wetu tumewahi kupita karibu na transfoma tukausikia mvumo wake. Sababu moja kubwa ya mvumo huo ni kwamba chuma kinapotiwa usumaku hurefuka au hufupika kidogo sana, na kwa kuwa usumaku hugeuzwa mara nyingi kila sekunde, chuma hutetemeka. Tabia hiyo hiyo huufanya usumaku ubughudhiwe na kila mkazo wa kupindwa au kubanwa. Katika utepe uliokanzwa vizuri, fuwele hufupika na sehemu isiyopangika hurefuka, na mambo hayo mawili karibu yanafutana. Utepe hubaki na urefu wake, na usumaku wake haujali sana ukibanwa.

Naam, moto una adabu yake. Ukikanza chini ya kiasi, fuwele huwa chache na faida haipatikani. Ukipita nyuzi 600 kwa umbali, ukuta wa niobi huvunjika, punje hunenepa, na boroni huungana na chuma kufanya fuwele za aina nyingine zilizo kaidi kupindukia. Kazi yote huharibika, wala haiwezi kurudishwa kwa kupoza. Fauka ya hayo, fuwele zinapojifanya hutoa joto lao zenyewe. Mafundi wanaokanza viini vikubwa hulazimika kupandisha joto polepole, kwa maana kiini kinaweza kujiunguza kutoka ndani ilhali kipimajoto cha tanuri kinaonyesha kwamba mambo ni shwari. Aidha, wakikanza utepe ndani ya uga wa sumaku, wanaweza kuamua uwe na usumaku unaopanda taratibu au unaoruka ghafla, kulingana na uga huo kama umepita kwa upana wa utepe au kwa urefu wake.

Tena kuna kejeli ambayo mpenda lugha hawezi kuiacha ipite. Utepe huo ukishakanzwa huwa mkavu na mwepesi kuvunjika kama bisi ya mkate, hata viini hulazimika kuviringwa kabla ya kutiwa tanurini. Kwa mkono ni kitu kigumu chenye kukatika. Kwa sumaku ni miongoni mwa vitu laini kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa. Mwanafunzi aliyekariri neno laini bila sentensi atapotea hapa. Aliyepewa sentensi atacheka, na aliyecheka ameelewa.

Nimeeleza muundo, joto na usumaku, na msomaji ashuhudie mwenyewe ni maneno mangapi ya kigeni yaliyomzuia njia. Niobi na boroni ni majina ya vitu, nayo hukopwa na kila lugha. Maneno yaliyobeba fikra yenyewe ni punje, ukuta, ukaidi, mpangilio, kukanza, ujirani. Yote yanajulikana jikoni na shambani.

Wala tusidhani kwamba wenzetu hufanya vinginevyo. Wajerumani husema weichmagnetisch, na hilo weich ni neno lile lile wanalolitumia kwa mto wa kulalia. Wakitaja ukubwa wa punje husema Korn, neno ambalo mkulima wao huitia nafaka. Wajapani nao huandika ulaini huo kwa alama ya kawaida ya ulaini. Mataifa hayo mawili, ambayo wataalamu wao walivumbua aloi hii na kuielezea, hufundisha watoto wao fizikia kwa lugha zao, kisha wataalamu wao huandika kwa Kiingereza wanapotaka dunia nzima iwasome. Kiingereza kwao ni mlango wa kutokea. Sisi tumekifanya kuwa mlango wa kuingilia, na watoto wengi wamebaki nje wakigonga.

Nakubali kwamba upande wa pili una hoja. Watauliza: mtihani ni wa Kiingereza, na vyuo vya ng'ambo vinadai Kiingereza, je, tuwapotezee watoto wakati? Siwaombi walimu wa fizikia waache Kiingereza kesho asubuhi. Nasema kwamba aliyekwisha kuelewa kwa nini punje ndogo huleta ulaini hatashindwa kulijua jina la Kiingereza la jambo hilo. Lakini aliyekariri jina bila kuelewa hana cha kutafsiri. Wengine watauliza aloi ya Japani yatuhusu nini. Viini vya aina hii vimo katika baadhi ya mita za umeme za kisasa, katika vikata umeme vinavyomwokoa anayeguswa na waya uliochubuka, na katika vifaa vinavyochuja umeme wa mitambo ya sola na wa chaja za magari ya umeme. Haziwezi kuchukua nafasi ya chuma cha silikoni kila mahali, kwa sababu hubeba usumaku mchache kuliko chuma hicho: tesla 1.2 hivi dhidi ya 2. Ila palipo na umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, zina heshima yake. Pikipiki za umeme zimeshaingia katika barabara zetu. Atakayezitengeneza na kuzikarabati ni kijana aliye darasani leo.

Aibu tuliyo nayo ni yetu sisi wataalamu wa lugha. Tumetumia miaka mingi tukibishana kama ni ngamizi, tarakilishi au kompyuta, ilhali wengine walikuwa wakiiunda. Tumekusanya istilahi, tumezipanga kwa alfabeti, tumezichapisha, tukazifungia kabatini. Istilahi isiyotumika katika sentensi ni kama nguo iliyoshonwa ikaachwa dukani: haijulikani itamkaa nani wala itambana wapi. Neno hupata maana likitumika, likipingwa, likirekebishwa. Kama ukaidi si neno linalofaa, na ajitokeze mwanafizikia anisahihishe kwa sentensi nyingine ya Kiswahili. Hapo lugha itakuwa imekua.

Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili. La kwanza ni kwa shule za upili. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili na waketi pamoja angalau mara moja kila muhula, wachague jambo moja la sayansi, na wanafunzi waandike insha ya kulieleza kwa Kiswahili. Wa kwanza apime ukweli wa maelezo, wa pili apime lugha. Insha zetu zimejaa mno ajali za barabarani na siku zisizosahaulika. Na iandikwe pia insha ya kwa nini transfoma huvuma.

La pili ni kwa watungaji wa mitihani na vitabu. Kifungu cha ufahamu kinaweza kuhusu metali vile vile kinavyoweza kuhusu maadili. Kiandikwe na mtu anayeelewa jambo lenyewe, kisiwe tafsiri iliyokokotwa kutoka Kiingereza ambayo hata mtafsiri hakuielewa.

La tatu ni kwa sisi wa vyuo vikuu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi kila tasnifu ya sayansi iambatishwe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza raia ni nini kilichotafitiwa na kimegunduliwa nini. Ukurasa mmoja tu. Mtafiti atakayeshindwa kuuandika na ajiulize kama kweli ameielewa kazi yake, kabla ya kuilaumu lugha.

Aloi ya Wajapani haikupata ulaini wake kwa kuongezewa metali nyingine baada ya kutoka kwenye gurudumu. Ilitiwa moto wa kiasi kwa muda wa kutosha, vilivyokuwemo vikajipanga. Maneno ya Kiswahili nayo yamekwisha kumiminwa, yamelala kamusini bila mpangilio, yakingoja mtu wa kuyatia joto. Mwalimu mwenzangu, moto huo uko mkononi mwako na katika kalamu ya mwanafunzi wako. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na sentensi moja.